Uhimilishaji wa kondoo kwa mbegu zilizogandishwa: tatizo haliko kwenye mtungi, liko kwenye mlango wa kizazi

Mleta uzi

Habari zenu, ndugu wafugaji na maafisa mifugo. Nimekusudia kuandika kwa urefu kuhusu uhimilishaji wa kondoo (kumwekea jike mbegu za dume bila kupandwa) kwa mbegu zilizogandishwa, kwa sababu kila mada hii inapoguswa hukumu hutolewa haraka kwamba mbegu za mtungini "hazishiki" kwa kondoo. Wengi wanaosema hivyo wameona kazi ikifanywa kwa mazoea ya ng'ombe: mrija mdogo wenye mbegu unatolewa kwenye mtungi wa naitrojeni, unayeyushwa, mbegu zinaachwa ukeni au mwanzoni mwa mlango wa kizazi, halafu mfugaji anasubiri. Baada ya siku kumi na saba hivi kondoo wengi wanarudi kwenye joto (hali ya kutaka dume), na lawama yote inaangukia mbegu. Mimi naona mbegu zinaonewa. Zikigandishwa vizuri na kufikishwa mahali panapostahili kwa wakati unaostahili, mbegu hizo hutungisha mimba kwa kiwango ambacho mfugaji yeyote angeridhika nacho.

Anayetaka kuelewa tatizo liko wapi asianze na mtungi. Atafute kizazi cha kondoo aliyechinjwa, akiweke mezani na kukipasua kwa urefu kuanzia ukeni. Atakuta mlango wa kizazi wenye urefu wa sentimita sita au saba hivi, mgumu kwa kugusa, na ndani yake pete nne hadi saba za mikunjo ya nyama ngumu zilizochongoka kuelekea nyuma, yaani upande ambako mrija wa kuhimilishia, ule wa kupeleka mbegu ndani, ungetokea. Laiti pete hizo zingekuwa zimepangwa kwenye mstari mmoja, kazi isingekuwa ngumu hivyo. Lakini tundu la pete ya pili, na mara nyingi la tatu, limekwenda upande kulinganisha na la kwanza, kiasi kwamba ncha ya mrija inayopita pete ya kwanza hukita kwenye ukuta wa nyama na kukwama. Kwa ng'ombe mhimilishaji huingiza mkono kwenye njia ya haja kubwa, akashika mlango wa kizazi na kuunyoosha huku mkono wa pili ukisukuma mrija. Kwa kondoo mkono haupiti. Ndiyo maana mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka mingi kwa ng'ombe anaweza kumhimilisha kondoo kwa uangalifu wote na mbegu zisiende mbali zaidi ya sentimita moja.

Jambo la pili ni hali ya mbegu zenyewe. Dume la kondoo hutoa kiasi kidogo sana cha manii, mililita moja hivi, lakini nzito mno: kila mililita hubeba mbegu kati ya bilioni tatu na sita. Zikiwa mpya, wingi huo na nguvu hiyo hutosha kuzivusha mlango wa kizazi zenyewe kwa kuogelea kwenye uteute. Zikigandishwa na kuyeyushwa, kwa kawaida ni asilimia 40 hadi 60 tu zinazoonekana zikitembea chini ya hadubini, na hata hizo zinazotembea si zote zilizobaki nzima. Utando wa mbegu ya kondoo una mafuta ya aina inayodhurika upesi kwa baridi, na una kolesteroli kidogo kuliko wa mnyama kama sungura au wa binadamu. Baridi huufanya utando huo ukomae kabla ya wakati, kana kwamba mbegu imeshakaa kwenye kizazi kwa saa kadhaa. Matokeo yake ni kwamba mbegu iliyoyeyushwa ina muda mfupi wa kuishi na nguvu ndogo ya safari. Unapoiacha ukeni, unaipa safari ndefu kuliko zote ilhali ndiyo yenye pumzi fupi kuliko zote.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: kadiri mbegu ilivyo dhaifu, ndivyo inavyopaswa kuwekwa karibu zaidi na yai. Mengine yote nitakayoandika hapa yanatokana na hilo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa maelezo. Mimi nina shaka na kugandisha kwenyewe. Je, una ushahidi kwamba mbegu za kondoo zinaweza kukaa mtungini miaka mingi bila kupoteza uwezo, au hudhoofika kidogo kidogo kila mwaka?

Mleta uzi

Ushahidi upo, na ni mzuri kuliko wengi wanavyotarajia. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Sydney nchini Australia, mtafiti Steven Salamon aligandisha mbegu za madume kadhaa ya kondoo wa ukoo wa Merino. Mbegu hizo zilihifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika kwa nyuzi joto hasi 196. Nusu karne baadaye watafiti wa chuo hichohicho waliziyeyusha na kuhimilisha kondoo jike 56, na 34 kati yao wakashika mimba, yaani asilimia 61. Walipolinganisha na mbegu zilizogandishwa miaka ya karibuni, kiwango kilikuwa asilimia 59. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2019. Kwenye baridi ya kiwango hicho shughuli za uhai ndani ya mbegu zimesimama kabisa, kwa hiyo miaka peke yake haina cha kuipunguzia. Madhara hutokea wakati wa kuganda na wakati wa kuyeyuka, na pia pale mtungi unapoishiwa naitrojeni au mrija unapoinuliwa mara kwa mara hadi shingoni mwa mtungi na kurudishwa.

Msingi wa kazi hii uliwekwa mwaka 1949 nchini Uingereza, pale watafiti Polge, Smith na Parkes walipogundua kwamba gliseroli huzilinda mbegu zisiuawe na barafu. Waligundua hilo kwa mbegu za jogoo, kisha likahamia kwa ng'ombe na kuenea upesi. Kwa kondoo maendeleo yalikuwa ya polepole, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja. Leo kichanganyio cha kawaida huwa na chumvi za Tris na sitrati, sukari, kiini cha njano cha yai au maziwa yaliyotolewa mafuta, na gliseroli ya asilimia nne hadi sita. Kiini cha yai ndicho hulinda utando wakati wa kupoza, na gliseroli ndiyo hulinda wakati wa kuganda kwenyewe. Gliseroli ikizidi, yenyewe hugeuka sumu kwa mbegu za kondoo, hivyo kipimo cha ng'ombe kisihamishwe kama kilivyo.

Kupoza kunahitaji subira. Kutoka joto la mwili hadi nyuzi tano hutumika saa moja na nusu hadi mbili, na sehemu ya chini ya nyuzi 18 hivi ndiyo ya kuvuka taratibu zaidi kwa kuwa hapo utando huanza kugeuka mgumu. Baada ya hapo mirija hulazwa kwenye chano sentimita chache juu ya uso wa naitrojeni ili igande kwa mvuke kwa dakika kadhaa, ndipo inapotumbukizwa. Wapo pia waliogandisha kwa matone juu ya barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa), njia ambayo Salamon na wenzake waliitumia sana, lakini mrija una faida kubwa ya kuandikwa jina la dume na tarehe. Tone haliandikwi kitu.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni afisa mifugo. Laparoskopu (darubini nyembamba ya kuingizwa tumboni ili mbegu ziwekwe moja kwa moja kwenye kizazi) hatuna, na wafugaji wangu hawawezi kugharimia upasuaji kwa kila kondoo. Je, unataka kusema bila laparoskopu tuache kabisa? Nimesoma kwamba Norwei wanahimilisha ukeni tu na wanafanikiwa.

Mleta uzi

Ndugu afisa, swali lako ndilo kiini cha uzi huu na ninalijibu kwa uzito wake.

Ni kweli kabisa kuhusu Norwei. Huko mbegu zilizogandishwa huwekwa ndani kabisa ya uke bila hata kutafuta mlango wa kizazi, wafugaji waliopata mafunzo huhimilisha kondoo wao wenyewe, na zaidi ya nusu ya kondoo hushika mimba. Lakini tazama mambo yanayoambatana na mafanikio hayo. Kondoo huhimilishwa kwenye joto la asili lililogunduliwa kwa kumwangalia mnyama mmoja mmoja, si kwa saa iliyopangwa kwa wote baada ya homoni. Dozi ina mbegu milioni 200 hivi. Na kondoo wenyewe ni wa koo za kaskazini ambazo njia yao ya uzazi inaonekana kupitisha mbegu kwa urahisi zaidi.

Hilo la mwisho si dhana tupu. Nchini Ayalandi watafiti walihimilisha kondoo wa koo mbalimbali kwa mbegu zilizogandishwa, zikiwekwa kwenye mlango wa kizazi kwa njia ileile, na ukoo wa kondoo jike ndio uliotofautisha matokeo: kondoo wa Finland na wa Belclare walishika vizuri, ilhali wa Suffolk walibaki chini sana. Mahali pengi pengine duniani, mbegu zilizogandishwa zikiwekwa kwenye mlango wa kizazi hutoa mimba kati ya asilimia 10 na 30. Kwa hiyo anayesoma matokeo ya Norwei na kuyatarajia kwa kondoo wake bila kujua ukoo wao unaitikiaje, anajenga juu ya ahadi ambayo hakupewa.

Kama laparoskopu haipatikani, ningekushauri ufikirie mbegu mpya zisizogandishwa badala ya kung'ang'ania mtungi. Ufaransa, hasa kwa kondoo wa maziwa wa Lacaune, huhimilishwa mamia ya maelfu ya kondoo kila mwaka kwa mbegu mpya zilizopozwa hadi nyuzi 15, zikiwekwa kwenye mlango wa kizazi ndani ya saa chache baada ya kukamuliwa. Hakuna upasuaji, hakuna naitrojeni, na matokeo ni ya kuheshimika. Sharti lake ni kwamba dume awe umbali ambao gari linaweza kumaliza kabla mbegu hazijachoka, na ratiba ya kukamua na ya kuhimilisha iwe moja. Mbegu zilizogandishwa zina nafasi yake pale dume yuko mbali mno, amekufa, au yuko upande wa pili wa mpaka ambao mnyama hai haruhusiwi kuuvuka kwa sababu za magonjwa.

Na ikiwa ni lazima utumie zilizogandishwa kwenye mlango wa kizazi, basi fanya jaribio dogo kwa kundi lako kwanza, tumia dozi kubwa ya mbegu hai zisizopungua milioni 150 hadi 200, himilisha kwenye joto lililoonekana kwa dume la kutambulisha (lisiloweza kutia mimba, la kuonyesha tu nani yuko kwenye joto), na usilazimishe mrija. Kuusukuma kwa nguvu hujeruhi mikunjo, damu hutoka, na hapo uwezekano wa mimba unapungua badala ya kuongezeka.

Mchangiaji wa tatu

Tafadhali eleza upande wa muda. Kwetu tumekuwa tukitoa sponji asubuhi na kuhimilisha kesho yake jioni. Je, ni sahihi?

Mleta uzi

Kwa mbegu zilizogandishwa, hapana, ni mapema mno.

Mzunguko wa kondoo ni wa siku 17 hivi, joto hudumu saa 24 hadi 36, na yai hutoka karibu na mwisho wa joto. Sponji yenye homoni ya projestojeni huwekwa ukeni kwa siku 12 hadi 14 ili kuzuia joto lisije. Inapotolewa, kondoo hudungwa homoni itokayo kwenye damu ya farasi jike mwenye mimba, kwa kawaida yuniti 300 hadi 500 kutegemea ukoo, uzito na msimu, ili mayai yapevuke kwa pamoja. Joto huanza baada ya siku moja hadi mbili, na mayai hutoka baadaye.

Mbegu mpya ikiwekwa mapema inaweza kungoja. Iliyoyeyushwa haiwezi kungoja sana. Ndiyo sababu uhimilishaji kwa laparoskopu hupangwa kati ya saa 54 na 66 baada ya kutoa sponji, na wengi hulenga saa 60 hivi. Ukitoa sponji saa mbili usiku wa Jumatatu, saa 60 zinatimia saa mbili asubuhi siku ya Alhamisi, na mpangilio huo wa jioni kwa asubuhi hurahisisha pia kufungisha kondoo chakula usiku unaotangulia. Kama kundi ni kubwa, toa sponji kwa mafungu kwa kufuata kasi ya mhimilishaji, ili wa mwisho naye afikiwe ndani ya saa zake. Nimeona watu wakitoa sponji za kondoo wote kwa saa moja, kisha kazi ya kuhimilisha ikachukua siku nzima. Wale wa jioni walikuwa na muda tofauti kabisa na wale wa asubuhi.

Kuhusu homoni hiyo ya farasi, nawaomba msiongeze kipimo kwa matumaini ya mapacha. Ikizidi, mayai hutoka mengi na kwa nyakati zisizolingana, na kondoo anaweza kubeba wanakondoo wengi kuliko anavyoweza kuwalea. Namna inavyopatikana kwa farasi nayo imelaumiwa kwa sababu za ustawi wa wanyama, na ninaona ni haki mfugaji ajue inatoka wapi kabla ya kuitumia.

Mchangiaji wa nne

Nimesikia laparoskopu ikitajwa tu lakini sijawahi kuiona ikitumika. Je, kondoo hateseki? Na mtaalamu anaona nini ndani?

Mleta uzi

Nitaeleza hatua kwa hatua, kwa sababu mfugaji anayemkabidhi mtu kondoo wake anapaswa kujua anachoruhusu.

Njia hii ilikuzwa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo Killeen na Caffery walichapisha maelezo yake mwaka 1982. Kondoo ananyimwa chakula kwa saa 24 hivi na maji kwa saa 12, ili tumbo kubwa na kibofu visijae na kuziba njia. Anapewa dawa ya kutuliza, analazwa chali kwenye kitanda maalumu, na kitanda kinainamishwa hadi kichwa kiwe chini, nyuzi 40 au zaidi kidogo. Utumbo husogea kuelekea kifuani na kizazi kinabaki wazi. Manyoya mbele ya kiwele hunyolewa, ngozi husafishwa kwa dawa, na ganzi hudungwa sehemu mbili, kushoto na kulia kwa mstari wa katikati, mbali na mshipa mkubwa wa maziwa. Kwenye matundu hayo mawili madogo hupitishwa darubini nyembamba na sindano ya kuhimilishia, baada ya tumbo kujazwa kiasi hewa ya kaboni dioksidi.

Kinachoonekana kupitia darubini hiyo ni kizuri mno. Pembe mbili za kizazi zimejikunja kuelekea pande zote mbili, na kwa kondoo aliye kwenye joto sawasawa zina rangi ya waridi, zimevimba kidogo na zinajikaza. Kwa asiye kwenye joto huonekana pauka na legelege, na mhimilishaji mwangalifu humwambia mfugaji palepale kwamba huyu hajaitikia, badala ya kupoteza dozi. Sindano huchoma ukuta wa pembe kwa mchomo mmoja mfupi katikati ya urefu wake, na mbegu huachwa ndani. Kisha inafuata pembe ya pili. Ikiwa mbegu zimeingia ukutani badala ya ndani, uvimbe mdogo hutokea papo hapo, na mwenye jicho zuri hurudia. Kwa mkono uliozoea, kazi nzima huchukua dakika chache tu kwa kila kondoo.

Kwa kuwa mbegu zinawekwa karibu na mirija ya uzazi, dozi ya mbegu hai milioni 20 hadi 50 inatosha, na matokeo ya mimba ya asilimia 60 hadi 70 ni ya kawaida kwa kundi lililotunzwa vizuri. Kwa hesabu hiyo, dume anapokamuliwa mara moja tu zinapatikana dozi makumi kadhaa.

Kuhusu mateso: ni upasuaji mdogo, na uheshimiwe kama upasuaji. Uingereza, kwa mfano, hairuhusu ufanywe na asiye daktari wa mifugo, na kwa maoni yangu ndivyo inavyopaswa kuwa kila mahali. Ganzi isirukwe kwa kisingizio cha haraka. Vifaa vichovywe kwenye dawa kati ya kondoo mmoja na mwingine. Anayehimilisha bila ganzi ili kuongeza idadi ya kondoo kwa siku asipewe kazi, hata kama bei yake ni nafuu.

Mchangiaji wa pili

Nimekuelewa na nimeridhika kuhusu mbegu mpya. Swali la mwisho kwangu: kuyeyusha, na utunzaji wa kondoo baada ya kuhimilishwa.

Mleta uzi

Mrija wa robo mililita huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa nusu dakika, na kipimajoto kiwe ndani ya maji muda wote, kisipimwe kwa kidole. Ufute mrija hadi ukauke kabla ya kuukata, kwa kuwa tone la maji likichanganyika na mbegu huziua. Kila kitu kitakachogusa mbegu baada ya hapo kiwe na joto linalokaribiana nazo. Yeyusha ile unayoitumia sasa hivi, si kumi kwa pamoja. Weka tone moja chini ya hadubini kutoka kila dume na kila tarehe ya kugandishwa kabla ya kuanza kazi, kwa sababu baada ya kuhimilisha kondoo hamsini hakuna tena la kurekebisha. Ukivuta mirija kutoka mtungini, usiipandishe juu ya mstari wa ukungu shingoni zaidi ya sekunde chache, vaa miwani na glavu, na usifanye kazi hiyo kwenye chumba kilichofungwa madirisha, maana naitrojeni ikijaa huondoa hewa ya kupumua bila harufu wala dalili.

Vilevile udai hati za afya za dume. Brusela ya kondoo na virusi vya ugonjwa wa ulimi wa buluu vinaweza kusafiri ndani ya mbegu, na baridi inayohifadhi mbegu huvihifadhi na vimelea.

Kondoo nao wachaguliwe kabla ya sponji: wenye hali ya mwili ya wastani, si wakondefu wala wanene kupita kiasi, waliozaa angalau wiki sita hadi nane nyuma, na ikiwezekana waliowahi kuzaa. Baada ya kuhimilishwa wabaki malishoni walipozoea, bila kusafirishwa, bila kuogeshwa, bila kubadilishiwa chakula ghafla kwa mwezi mmoja hivi, kwa kuwa kijusi hakijajishikiza vizuri kwenye kizazi. Dume la akiba liingizwe baada ya siku 12 hadi 14, liwahi wale watakaorudi kwenye joto. Mimba hudumu siku 147 hadi 150 hivi, kwa hiyo wanakondoo wa uhimilishaji na wa dume la akiba watatenganishwa na tarehe za kuzaliwa, mradi tarehe ya kuhimilisha imeandikwa kwa kila kondoo pamoja na namba ya hereni yake na jina la dume lililosomwa kwenye mrija wenyewe. Altrasaundi ya kati ya siku ya 40 na ya 50 itakuonyesha mapema nani ameshika na wa lini, na ukiweza kuipata usiiache.